Stakabadhi Namba Moja

Masasi,
20 Novemba 2023

Mpendwa Stella,

Marahaba, mwanangu, kabla hujaniamkia.

Nashukuru kwa kazi ya Jumamosi. Miaka sabini na tano si haba, na ibada yangu ya shukrani ingeweza kuharibiwa na wali mbichi, lakini hata wale wanaokuja kwenye shughuli kutafuta kasoro walirudi kwao hawana la kusema. Mimi shangazi yako nilikaa nimenyoosha shingo siku nzima.

Sasa tuseme la kusema. Nilikuona ukiandika bei yangu kwenye kiganja cha mkono. Kiganja, Stella. Umepika vipaimara, harusi na maziko ya watu kwa miaka sita, una masufuria kumi na moja nyuma ya nyumba yako, na hesabu zako zinaondoka ukinawa. Hiyo si biashara, ni mazoea. Kwa hiyo nimekununulia kitabu cha stakabadhi, cha karatasi mbilimbili, chenye namba. Kinakuja pamoja na barua hii.

Jambo la pili. Mwezi uliopita nilinunua bati hapa mjini, na kwenye risiti kulikuwa na mstari wa VAT, asilimia kumi na nane. Mwenye bati anatoza kodi na wewe mwenye kupika utoze vilevile. Mteja analeta mchele, nyama na mafuta yake, wewe unamuuzia kazi ya mikono yako na masufuria. Hiyo ni huduma. Piga hesabu ya ujira, ongeza asilimia kumi na nane, iandike kwenye mstari wake, iweke kando usiiguse, halafu uipeleke serikalini. Anza na mimi. Ujira wangu ulikuwa laki moja na nusu, na kodi yake ni elfu ishirini na saba. Naituma. Niandikie stakabadhi namba moja.

Simu usinipigie, masikio yangu unayajua. Andika barua, mpe Sultani muuza kuku, kila Alhamisi anapita hapa.

Shangazi yako,
Mwl. Dorothy

*

Mkunya, Newala,
14 Januari 2024

Shangazi, shikamoo.

Sisi wazima. Abrahamu anakusalimu, amemaliza palizi ya korosho za chini na mgongo umemwambia. Glory amepanda darasa.

Kitabu kinafanya kazi. Nimefika stakabadhi namba saba. Nilikuwa naogopa siku ya kwanza kumwambia mtu kwamba kuna kodi juu ya ujira. Niliandaa maneno usiku kucha kumbe bure, maana hakuna aliyeuliza. Hata mmoja. Unajua kwa nini? Watu wa huku tumezoea makato. Unapeleka korosho ghalani, inapigwa mnada, na fedha inarudi imekatwa hiki na kile, karatasi ina mistari mpaka chini, na mtu anaangalia ule wa mwisho tu. Nikiwawekea mstari mmoja wa kodi wanaona nimewahurumia.

Juma lililopita nilikuwa Chilangala, kwa Mzee Bwanali, arobaini ya mkewe. Ilikuwa shughuli kubwa. Maji yalinunuliwa madumu sitini kutoka bondeni, na nilipika tangu alfajiri. Ujira laki tatu, kodi elfu hamsini na nne. Mzee aliisoma stakabadhi mara mbili, akaikunja, akaiweka mfuko wa kanzu upande wa moyo. Akasema mke wake hakuwahi kufanyiwa kitu kwa karatasi tangu azaliwe.

Kodi yote naiweka kwenye kopo la maziwa, juu ya kabati. Abrahamu aliomba kuazima ya dawa ya mikorosho nikamtazama mpaka akaomba radhi. Ikifika Julai napeleka ofisi ya mapato, nimevaa gauni langu la ibada. Nataka waone kwamba kuna mpishi Mkunya anayefanya kazi kwa haki.

Mwanao,
Stella

*

Mkunya,
8 Julai 2024

Kwa Mzee Bwanali, Chilangala.
(Barua hii nimewaandikia wateja wangu wote kumi na wawili, isipokuwa mmoja.)

Assalaam alaykum, Mzee. Shikamoo.

Mimi ni Stella, Mama Glory, mpishi. Naandika kueleza kosa langu, na nimechagua kuandika ili usilipate kwa watu likiwa limebadilishwa.

Tarehe tano nilikwenda ofisi ya mapato kulipa kodi ile niliyowatoza. Afisa alinisikiliza, akaangalia kopo, akaangalia kitabu changu, akamwita mwenzake aje aone. Kisha akanieleza kwa upole. Kodi hiyo ya asilimia kumi na nane inatozwa na aliyesajiliwa kuitoza, na sheria inamtaka asajiliwe yule ambaye mauzo yake yanafika shilingi milioni mia mbili kwa mwaka. Mimi nipike kuanzia hapa hadi Mto Ruvuma sitazifikia. Mpishi wa nyumbani kama mimi nalipa kodi ya makadirio, kutoka mfukoni kwangu, na nimeshakadiriwa. Mteja simwongezei kitu.

Kwa hiyo elfu hamsini na nne niliyokutoza si ya serikali wala si yangu. Ni yako. Afisa ameniagiza niirudishe kwa wenyewe, na kila mmoja aweke sahihi kwenye orodha kwa namba za stakabadhi. Orodha ikikamilika kabla ya tarehe kumi na tano Agosti jambo linaishia hapo. Isipokamilika itabidi alipeleke kwa wakubwa wake Mtwara kama fedha iliyokusanywa bila kibali.

Hakuna aliyenituma kufanya hivi. Nilijiamulia mwenyewe. Nitafika kwako Jumapili tarehe ishirini na moja na fedha yako mkononi.

Wako,
Stella

*

Mkunya,
10 Julai 2024

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kwa haraka, Sultani anasubiri nje na kuku wake wanapiga kelele.

Ofisini nilikwenda. Walinipokea vizuri. Nimepewa namba ya mlipa kodi na nimekadiriwa.

Ila kuna jambo dogo, na naona bora ulisikie kwangu. Kuna wateja niliwatoza zaidi ya haki yao. Nazunguka kuwarudishia. Optatus wa Lukuledi alicheka mpaka akakaa chini, akaniuliza kama nina homa. Agatha hakucheka. Aliihesabu ile fedha mbele ya jirani zake, akauliza kama kwenye nyama yake pia nilichukua zaidi, na harusi ya binti yake ya mwezi wa tisa amempa mpishi mwingine. Neno limeshafika sokoni. Jana bondeni kwenye maji niliona watu wawili wananyamaza nilipokaribia.

Usihangaike. Nitamaliza na jina langu litarudi kabla msimu wa korosho haujafunguliwa, maana bila jina hakuna atakayeniitia sufuria. Kosa ni langu, naomba usiniulize zaidi.

Mwanao,
Stella

*

Masasi,
18 Julai 2024

Stella,

Barua yako nimeisoma mara nne, nikitumaini kwamba nimeikosea.

Umewatoza watu zaidi ya haki yao. Unaliita jambo dogo. Nilifundisha miaka thelathini na nane, na mtoto anaposema "jambo dogo" huwa nafungua daftari lake ukurasa wa mwisho. Mimi nilikupa kitabu ili watu waone unyoofu wako. Nilikwambia utoze kodi, sikukwambia uongeze juu yake vya kwako. Marehemu baba yako alikuwa maskini, lakini hakuna mtu Newala aliyewahi kuhesabu fedha aliyoirudisha yeye.

Kila mtu hapa nimemwambia habari za mpishi wangu anayelipa kodi. Nimemwambia hata Kasisi. Leo nitawaambia nini?

Rudisha yote. Na usiniandikie mpaka umemaliza.

Shangazi yako,
Dorothy

*

Chilangala,
22 Julai 2024

Kwa Mama Glory.

Waalaykum salaam.

Jana ulikuja, nikakurudisha na fedha yako, na nikaona umeondoka huna raha. Sikupenda kueleza mbele ya watu, kwa hiyo naeleza hapa.

Mke wangu, Allah amrehemu, nilimwoa kwa watu wenye uwezo. Kwao waliniona mtu wa mikorosho arobaini. Miaka thelathini na moja nilikuwa nikienda ukweni naketi karibu na mlango. Siku ya arobaini wakwe walikuja wote, wakala, wakashiba, na shemeji yangu mkubwa akaniuliza kwa dharau shughuli kama hii nimeilipiaje. Nikamtolea stakabadhi yako. Nikamwambia kila kitu kimelipwa, hata kodi yake serikalini. Alisoma, akainamisha kichwa. Alinipisha kwenye mkeka.

Leo unataka niweke sahihi kwamba ile kodi haikuwa kodi. Nikiipokea fedha hiyo nimekuwa mwongo mbele ya wakwe zangu, na mwenyewe yuko kaburini hawezi kunitetea. Nilichotoa kwa ajili yake nimekitoa. Hakiingii tena mlangoni kwangu. Na sahihi ya kusema nimepokea nisichopokea siweki.

Sina ugomvi na wewe. Pilau ilikuwa nzuri.

Bwanali

*

Mkunya,
29 Julai 2024

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni Abrahamu. Kuandika si kazi yangu, unajua, na Stella hafahamu kwamba naandika. Yuko bondeni kufuata maji.

Barua yako ilimlaza siku mbili. Siku ya tatu aliamka, akafunga kitenge, akaenda tena Chilangala kwa miguu. Mzee akakataa tena. Akaenda mara ya tatu. Simjui mwanamke mwingine wa namna hii, na nisingependa kumjua, mmoja ananitosha.

Shangazi, Stella hakumwongezea mtu chochote. Alitoza ile asilimia kumi na nane uliyomwagiza wewe, basi. Ofisini ameambiwa kwamba mpishi wa nyumbani haruhusiwi kuitoza, kwa kuwa biashara yake ni ndogo na hajasajiliwa. Afisa alimuuliza nani alimshauri. Akasema alijiamulia. Agatha alimuuliza, akasema hivyohivyo. Watu wamemwita mwizi mbele yangu na jina lako halikutoka. Nilimwambia amweleze Shangazi ukweli. Akajibu kwamba wewe ndiye uliyemlipia shule baba yake alipofariki, na hataki siku zako za uzee uzimalize ukijua kwamba ulikosea kitu.

Lakini orodha ina mistari kumi na miwili. Kumi imejaa. Mmoja ni wa Mzee Bwanali, na barua yake ya kukataa nimekuwekea humu uisome. Mwingine ni stakabadhi namba moja, na hiyo ni yako. Usiku nimemwona ameishika kalamu juu ya mstari wako, anataka kukuwekea sahihi, kisha akaiweka chini. Tarehe kumi na tano si mbali.

Nisamehe kama nimekosa adabu.

Abrahamu

*

Masasi,
1 Agosti 2024

Mwanangu Stella,

Mumeo ameniandikia. Usimgombeze.

Nimekaa na barua yake kuanzia asubuhi. Nimejaribu kutafuta mtu wa kumlaumu, nikaanza na muuza bati, lakini muuza bati hakuniambia kitu. Mimi niliona mstari kwenye risiti, nikauchukua, nikakupa wewe kama sheria. Sikumuuliza mtu yeyote. Ofisi iko hatua mia nne kutoka mlangoni kwangu. Nilidhani mwalimu akishaona kitu kimeandikwa amekijua.

Halafu nikakuandikia yale niliyokuandikia. Nikamtaja na kaka yangu. Stella, nimeona haya, na nimelia, na sijui nikuombe radhi vipi mtoto niliyemzoesha kuniomba yeye. Nakuomba radhi.

Lakini na wewe umekosea. Ulinificha ili nisiumie, ukaniacha nikutukane ukiwa na haki. Kosa la mwalimu halifichwi na mwanafunzi. Linasahihishwa ubaoni, watu wote waone.

Nitumie orodha na Sultani Alhamisi ijayo, pamoja na elfu ishirini na saba yangu kamili. Usiipunguze nauli. Ukienda ofisini utamtajia afisa jina langu. Hiyo ni amri.

Mzee wa Chilangala niachie mimi. Barua yake iko humu, haijafungwa, isome kisha umpelekee.

Shangazi yako,
Dorothy

*

Masasi,
1 Agosti 2024

Kwa Mzee Bwanali,

Hunijui. Mimi ni Dorothy, mwalimu mstaafu, shangazi yake Stella. Nakupa pole ya mke wako. Mume wangu alitangulia, huu ni mwaka wa kumi na nne sasa, na bado namtengea chai nikijisahau.

Stella alikwambia alijiamulia kutoza ile kodi. Si kweli. Nilimwagiza mimi, bila kuuliza, kwa kiburi cha mtu aliyezoea kusahihisha wengine. Yeye ameamua kuibeba aibu yangu.

Sikuombi useme ulidanganya. Siku ile ulipomwonyesha shemeji yako stakabadhi ulisema unachokijua, na mpishi wako aliamini hivyohivyo, fedha ikiwa kwenye kopo haijaguswa. Nakuomba uangalie upande wa pili. Wewe umeuza korosho maisha yako yote. Umekatwa mara ngapi? Na ni nani aliyewahi kurudi nyumbani kwako kwa miguu, mara tatu, kukuomba upokee ulichokatwa kimakosa? Waonyeshe wakwe zako hilo.

Ukikataa bado, sitakulaumu. Nitapanda gari nije mwenyewe, na nakuonya kwamba sisikii, kwa hiyo kunikatalia itakuchukua muda.

Mwl. Dorothy

*

Chilangala,
7 Agosti 2024

Kwa Mwalimu Dorothy.

Baada ya salaam, shikamoo.

Usipande gari. Barabara ni mbovu na umri wako ni wa kukaa.

Barua yako niliisoma, nikaiweka chini ya mto siku tatu. Kisha nikamwita shemeji yangu mkubwa. Nikamweleza mambo yote kama yalivyo, nikiwa nimejiandaa kurudi kukaa mlangoni. Akaniuliza, "Imerudi?" Nikamwambia imerudi, mwenye nayo amekuja nayo mara tatu. Akasema yeye anauza tani na tani kila msimu na tangu azaliwe hajaona makato yanarudi. Akataka kuishika ile fedha kwa mkono wake. Jana ameirudia habari hiyo msikitini, na kwa anavyoisimulia utadhani mpishi ni wake.

Mama Glory alikuja asubuhi hii kwa mara ya nne. Nimepokea elfu hamsini na nne. Nimeweka sahihi na dole gumba vyote viwili, asije mtu akasema.

Mwezi wa kumi na mbili, inshallah, nataka kumsomea mke wangu hitima ya mwaka. Nimemwambia aje na masufuria yake. Shemeji naye ana shughuli ya kuwatoa wanawe jandoni, amemtaka yeye na hataki mwingine.

Bwanali

*

Mkunya,
16 Agosti 2024

Shangazi, shikamoo.

Nimemaliza.

Nilifika ofisini tarehe kumi na nne, nimevaa lile gauni. Orodha ilikuwa kwenye bahasha na sikuwa nimeifungua tangu Sultani aliponikabidhi, kwa sababu nilijua mkono wako na nilihofu kulia njiani. Nilikuwa nimekwishaamua. Kila amri yako nimeitii tangu utoto, ila hiyo moja ya kukutaja nilikuwa siitii. Afisa alipouliza tena, "Mama, kweli hakuna aliyekushauri?" nilimwambia hakuna.

Akafungua bahasha. Akatazama mstari wa kwanza, akatazama sana, kisha akaigeuza karatasi nami niisome. Wenzako wote, Shangazi, wameweka sahihi kwenye kisanduku cha sahihi. Wewe umeandika kwa kalamu nyekundu mpaka umeingia kwenye nafasi ya Optatus: Aliyemwelekeza ni mimi. Hakuuliza kwa sababu nilimfundisha kutoniuliza. Kosa ni langu, sahihisho ni lake. Na chini yake umejipa alama, sifuri mimi, kumi Stella.

Afisa alisema kisanduku kile ni cha sahihi tu. Kisha akagonga muhuri, akaniandikia barua kwamba jambo limefungwa. Akauliza kama huyo mwalimu bado anafundisha. Nikamwambia hajaacha.

Agatha hajarudi, na sijui kama atarudi. Nimemwachia. Abrahamu amenichongea kibao, kipo mlangoni, kinasema bei ni ya kazi na masufuria, hakuna nyongeza, na kodi analipa mpishi. Watu wanasimama kukisoma.

Ile elfu ishirini na saba yako uliyonirudishia ndani ya bahasha, ukasema ni ya kibao, inakuja na Sultani Alhamisi. Usiirudishe tena. Nimekuandikia stakabadhi mpya, namba kumi na tatu, na safari hii utaweka sahihi kwenye kisanduku.

Mwanao,
Stella